Deni la Mzazi na Sahani ya Mtoto

Watu wengi hudhani ya kuwa chakula kinachopikwa shuleni hakina bei. Unga umeletwa na wafadhili, maharagwe vivyo hivyo, basi nani amdai nani? Lakini waulizeni wapishi. Gunia la unga haliji na kuni zake. Katika shule zinazosaidiwa na Shirika la Chakula Duniani, liitwalo kwetu PAM, shirika huleta nafaka, kunde, mafuta na chumvi. Kuni, maji na mikono ya kupika ni juu ya wazazi. Na palipo na mchango, deni haliko mbali.

Sasa tazameni ni nani anayedaiwa. Masisi ni nchi ya malisho, viazi na maharagwe, na jibini yake huliwa mpaka Kinshasa. Lakini mama aliyekimbia kijiji chake na kupokewa kwa jamaa hana shamba tena, wala hana mahali pake pa kukata kuni. Akitaka fungu moja, ni lazima anunue, ama aende porini asikojua atakutana na nani. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Masisi penyewe, na mwezi wa Machi vikafika Walikale mjini. Mwaka huohuo maghala ya PAM yaliporwa mjini Goma. Hivyo sahani iliyokuwa haba ikazidi kuwa haba.

Walikale kuna msitu, kuni si taabu sana. Taabu yake ni nyingine. Tangu kasiteriti ilipogunduliwa Bisie mwaka 2002, wanaume wengi waliacha jembe wakashika sururu. Chakula kikaletwa machimboni kwa migongo ya wachukuzi, na bei ikapanda. Ndiyo maana huko mtu aweza kuwa na mfuko wa madini begani, na mtoto wake akaenda shule bila kuonja kitu.

Deni la shule si mgeni kwetu. Katika miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu inavyostahili, wazazi waliuchukua mzigo huo kwa ile malipo iitwayo primu. Ambaye baba yake hakulipa alisomwa jina mbele ya wenzake, akarudishwa nyumbani na daftari lake kwapani. Katiba ya mwaka 2006 ilisema katika kifungu cha 43 kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini wazazi walingoja mpaka Septemba 2019 ndipo neno hilo likaanza kutimizwa. Hata hapo sare na daftari hazikuwa bure.

Ninaloogopa mimi ni kwamba ile desturi ya kusoma majina itahama kutoka primu mpaka kwenye chungu. Mtoto ajuaye kwamba ataulizwa ukuni mlangoni, naye hana, hatafika mlangoni. Atashinda kichakani, na jioni ataandikwa mtoro. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kwa bahati mbaya mara nyingi mwenye shibe ndiye mwenye kalamu.

Msidhani mambo haya ni ya nchi maskini peke yake. Huko Marekani, nchi yenye nafaka tele, kulikuwa na shule zilizomnyang'anya mtoto sahani yake kwa sababu ya deni la wazazi, chakula kikatupwa, naye akapewa mkate baridi wenye jibini. Mwaka 2017 jimbo la New Mexico lilikataza aibu hiyo kwa sheria: deni lizungumzwe na mzazi, mtoto ale. Nairobi nako, mpango wa chakula ulioanza mwaka 2023 ulimtaka mzazi alipe shilingi 5 tu kwa sahani, kwa simu, na mtoto akavaa kikuku mkononi cha kuonyesha kwamba amelipiwa. Njia nzuri, ila kikuku kitupu nacho husema.

Kwetu hakuna haja ya vikuku. Kamati ya wazazi yaweza kumwambia mjane asiye na kuni aje apike siku moja kwa juma, na jirani mwenye shamba la miti atoe fungu mahali pake. Mwalimu akiwa na neno juu ya mchango, na amwendee mzazi nyumbani, jioni, watoto wakiwa wamekwisha kula.