Gari Kuukuu Lililobadilishwa, na Dhamana Yake

Nyumba nyingi siku hizi hujinyima miaka kadha wa kadha, pengine hata mikufu ya mama ikauzwa, ili lipatikane gari. Na gari lenyewe aghalabu ni kuukuu lililotoka Japani, tena limekwisha kutiwa mkono na mafundi: springi zimeinuliwa, viti vimeongezwa, injini si ile ya kiwandani. Yatupasa tuseme machache juu ya dhamana ya gari la namna hiyo, maana jambo hili limekwisha kugombanisha majirani.

Dhamana ya kiwanda ina muda wake. Kenya hupokea magari kuukuu yasiyozidi umri wa miaka 8, na lililokaribia umri huo, dhamana yake ya kiwanda huwa imekwisha zamani. Ule ukaguzi unaofanywa Japani kabla ya gari kupakiwa melini si dhamana. Ni ushahidi wa hali ya gari siku ile tu. Jamaa zetu walioko Marekani wana nafuu kidogo. Kule, dhamana ikiwa ingali hai, sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 haimpi mtengenezaji nafasi ya kuikana kwa kuwa tu gari limetiwa kipuri cha kampuni nyingine; yampasa aonyeshe kuwa kipuri hicho ndicho kilicholeta uharibifu.

Huku kwetu tegemeo ni sheria ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31 nchini Kenya na Sura ya 214 Tanzania Bara. Mnunuzi akimweleza mfanyabiashara wa magari kazi aitakayo, mathalani kuchukua abiria kumi na wanne, naye akautegemea ujuzi wake, gari yapasa liifae kazi hiyo. Lakini hapa pana mtego: ukilikagua gari kwanza, huna dai kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipasa kuifichua. Springi zilizoinuliwa huonekana kwa macho! Basi usilitazame wewe. Mpeleke fundi wako mwenyewe, alale chini ya gari.

Nayo fikihi ya madhehebu yetu ya Shafii humpa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu chenye aibu ya kale iliyofichika, ila asikawie. Aliyeijua aibu kisha akaendelea kupakia abiria wiki mbili, hiari hiyo imempotea. Wangapi hulijua hili?

Muuzaji akisema gari halijaguswa, ombeni cheti cha Japani cha kulisafirisha. Gari lililobadilishwa umbo kwa idhini ya serikali ya huko huongezewa, mwishoni mwa alama za modeli yake, herufi isomwayo “kai”, maana yake kubadilishwa. Mabadiliko yaliyofanywa gerejini mtaani hayaandikwi humo.

Kwa hiyo dhamana iliyobaki ni ile atakayoiandika muuzaji mwenyewe. Na iandikwe kwa majina: injini, giaboksi, difu, springi zilizoinuliwa, siku ngapi au kilomita ngapi, na ujira wa fundi ni juu ya nani. Neno “gari zima” pekee halimfungi mtu. Kabla ya kuhesabu fedha, linganisheni namba ya injini na ya chasisi na zile za kadi ya gari. Zikihitilafiana, muuzaji akaisahihishe kadi kwanza, nanyi mrudi siku nyingine.