Nyimbo Zilizokosa Picha

Sisi wapenzi wa santuri za Kihindi tunajua siri moja: katika filamu za Bombay wimbo hurekodiwa kwanza, kamera hufuata baadaye. Ndiyo maana wimbo huweza kukamilika studioni, kisha usionekane kamwe.

Chukua filamu ya Sholay ya 1975. R.D. Burman alitunga wimbo wa mtindo wa kawali, wakaiimba Kishore Kumar, Manna Dey, Bhupinder na Anand Bakshi, mwandishi wa maneno mwenyewe. Lakini filamu ilikuwa ndefu, zaidi ya saa tatu, na kawali ikaachwa.

Kwangu mimi, hazina kubwa ni Pakeezah. Mwongozaji Kamal Amrohi aliihangaikia filamu hiyo tangu miaka ya 1950 hadi ilipotoka 1972. Mtunzi wa muziki, Ghulam Mohammed, alifariki 1968, akaacha nyimbo nyingi kuliko filamu ilivyoweza kubeba. Zile za ziada zilitolewa 1977 katika santuri iitwayo Pakeezah Rang Barang. Humo utamsikia Shobha Gurtu, bingwa wa thumri, mtindo wa uimbaji wa Kihindi.

Nimeisikiliza mara nyingi, na uamuzi wangu haubadiliki: zilizoachwa hazikuwa makapi. Zilikosa nafasi, si utamu. Ukiipata, isikilize mpaka mwisho.