Viraka Juu ya Kuba

Tandaza leso juu ya tikitimaji, kisha ujaribu kuilaza bila kunyanzi hata moja. Hutaweza. Ukiinyosha upande huu, makunyanzi yanaibukia upande ule. Ukiyafukuza huko, yanakimbilia kwenye pindo. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alieleza sababu yake mwaka 1827: kitu bapa hakigeuki kuwa na umbo la tufe kwa kukunjwa tu. Ama kivutwe, ama kikatwe, ama ukubali makunyanzi.

Mama anayefunika buul, kibanda cha Kisomali chenye umbo la kuba, kule Ifo, Dagahaley au Hagadera hahitaji Gauss amwambie hayo. Kambi hizo za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa nchini Kenya, zilianza kufunguliwa mwaka 1991 baada ya serikali ya Somalia kuanguka. Zilikusudiwa watu 90,000. Katika ukame wa 2011 zilikuwa zimebeba zaidi ya 400,000. Aliyefika akakosa hema alikata fito, akazichimbia ardhini kwa duara, akazipinda zikakutana juu, akazifunga kwa kamba. Kuba likapatikana. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, kazi ya kulivika. Turubai la msaada ni bapa na lina pembe nne. Gunia la unga lililofumuliwa ni bapa vilevile. Dirac (gauni jepesi la Kisomali) iliyochakaa, shuka, kipande cha neti ya mbu, boksi la katoni: vyote bapa, havilingani hata viwili, na mawingu hayangoji.

Wako wasanii wa Ulaya na Marekani wanaojulikana kwa kushona mifarishi ya viraka bila mchoro wa kufuata. Hawachori, hawapimi, kiraka cha kwanza ndicho kinachoamua cha pili kitakaa wapi. Buul hushonwa kwa kanuni hiyohiyo. Ila mfarishi ukienda kombo utatundikwa ukutani hivyo hivyo, na huenda ukasifiwa. Buul ikienda kombo, watoto wanalowa.

Kwanza tuzungumze kuhusu kitambaa chenyewe. Nyuzi za mtande na za mshindio hupishana kwa pembe mraba. Ukivuta kwa kufuata nyuzi, kitambaa hakikupi kitu. Ukivuta hanamu, kutoka pembe hadi pembe, vimraba vidogo vya nyuzi vinalala ubavu, na kitambaa kinarefuka huku kikipungua upana. Huo ndio upenyo wa kumkwepa Gauss, kwa kuwa kitambaa kinaweza kujivuta chenyewe kikaufuata mviringo. Mrusi Pafnuty Chebyshev alilitolea mhadhara jambo hili mjini Paris mwaka 1878, akizungumzia ukataji wa nguo na namna ya kuvika tufe kwa vitambaa. Fundi cherehani wa soko la Suuq Mugdi, mjini Garissa, hulitumia anapokata kola hanamu.

Kwenye kuba, basi, shuka kuukuu ya pamba ikiwekwa hanamu penye bega la mviringo hulala vizuri kuliko ikiwekwa wima. Lakini hanamu ina gharama yake: kitakachovutika leo kitaendelea kuvutika kesho, na baada ya wiki kadhaa kinaning'inia na kushika maji. Gunia la unga lililofumwa kwa polipropilini ni jepesi na halinywi maji, ila jua la Garissa ni adui yake. Miale ya urujuanimno hukatakata minyororo ya molekuli zake, na mwisho ukiligusa linapukutika vidoleni. Pamba nayo huvimba ikilowa, mianya kati ya nyuzi ikazibana kidogo, kisha ikikauka inapitisha hewa tena; ikikaa na unyevu muda mrefu, inaoza. Turubai ndilo gumu kuliko vyote. Nyuzi zake za plastiki zimezibwa kwa tabaka la plastiki pande zote mbili, kwa hiyo haziwezi kulala ubavu. Linazuia mvua kuliko kitu kingine chochote palepale, na linakataa mviringo kuliko kitu kingine chochote palepale. Joto nalo linabaki ndani.

Kwa hiyo kila kiraka ni uamuzi, na kila uamuzi unaugusa unaofuata. Cha juu lazima kilalie cha chini, maji yateremke. Gunia likipata kivuli cha kitambaa kingine, linaishi zaidi. Turubai likikunjwa juu ya fito badala ya katikati yake, mkunjo haugeuki kuwa dimbwi. Rangi huja baadaye, ingawa huja: ukiwa na vipande viwili vyenye nguvu sawa, jicho lina haki ya kuchagua.

Ujuzi huu haukuzaliwa kambini. Wafugaji wa Kisomali wa Garissa, Wajir na Mandera wamehama kwa karne nyingi na aqal, nyumba ambayo wengi wa kwetu huiita herio: matao ya miti, kamba, na mikeka iliyosukwa kwa makuti ya mkoma, nyasi na nyuzi za magome. Aqal hujengwa na wanawake. Mama wa bibi harusi na jamaa zake huisuka kabla ya ndoa, na mwenye nyumba ni mke. Siku ya kuhama inafumuliwa, matao na mikeka vinakuwa tandiko na mzigo wa ngamia, na huko waendako inasimikwa upya. Labelle Prussin, mwanahistoria wa usanifu, aliandika kitabu kizima mwaka 1995 kuhusu nyumba za wahamaji wa Afrika na wanawake wanaozijenga, na ni ajabu kwamba ilichukua muda wote huo. Nyumba inayosimikwa upya kila msimu haiwezi kuwa ileile mara mbili. Mkeka uliotoboka unahamishwa pasipo na upepo, tao lililovunjika linabadilishwa, umbo linasogea.

Kule Alabama, Marekani, wanawake weusi wa Gee's Bend walifika pahali pamoja kwa njia nyingine. Walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za shamba na magunia, kwa ajili ya baridi ya nyumba zao, mpaka mwaka 2002 makumbusho ya Houston na New York yalipoitundika na wakosoaji kushangaa. Mtindo wao mmoja huanzia kiraka cha kati, vipande virefu vikakizunguka duru baada ya duru. Hapo hesabu ya Gauss inarudi kwa mlango wa nyuma. Vipande vya nje vikiwa virefu kupita kiasi, pindo linafanya mawimbi. Vikiwa vifupi, katikati panavimba. Kwa mfarishi wa kitandani huo ni mkosi. Kwa anayefunika kuba, uvimbe wa katikati ndio anaoutafuta.

Sasa akili ya mshonaji. Anayefanya kazi bila mchoro huanza kwa moto, halafu katikati anakwama: vipande vimebaki vibaya, kilichoshonwa hakipendezi, mkono mzito. Wengi huamini hapo mawazo yamekauka. Wanasaikolojia Brian Lucas na Loran Nordgren walilipima jambo hili, wakalichapisha mwaka 2020. Watu walitabiri kwamba ubunifu wao ungeshuka kadiri wanavyoendelea na kazi. Haukushuka, ulibaki palepale au ukapanda. Kilichoshuka ni wepesi wa mawazo kuja, nao wakauhesabu wepesi huo kama ubora. Aliyeamini kwamba amekauka aliacha mapema, akayakosa yaliyokuwa mbele.

Kupumzika nako kuna nafasi yake. Mwaka 2009 Ut Na Sio na Thomas Ormerod walikusanya tafiti 117 kuhusu kuweka tatizo kando na kulirudia, wakaona kwa jumla kunasaidia, hasa kwa aliyekuwa amelishughulikia vya kutosha kabla ya kuliacha. Msusi wa mikeka ya herio hapati siku nzima ya kusuka; mbuzi, maji na watoto humkatiza. Huenda kukatizwa huko si hasara tupu.

Ndani ya ubongo, jaribio linalotajwa sana ni la Charles Limb na Allen Braun, la 2008. Wapiga piano sita wa jazi walilazwa kwenye mashine ya MRI, wakapiga muziki walioukariri, kisha wakabuni papo hapo. Walipobuni, sehemu za mbele za ubongo zinazohusika na kujichunga zilipoa, na nyingine, zinazohusishwa na kujieleza, zikachangamka. Watu sita ni wachache, na piano si shazia. Bado mfano huo una funzo: hao hawakuwa wanagenzi. Vidole vilikuwa na miaka mingi ya mazoezi, ndiyo maana akili iliweza kuachia usukani. Binti aliyemwona ayeyo, bibi yake, akisimika aqal tangu utotoni ana hazina ya namna hiyo, na anapoonekana kama anabahatisha, habahatishi.

Limebaki suala la dhiki. Ravi Mehta na Meng Zhu walichapisha mwaka 2016 majaribio ambayo watu walioelekezwa kuwaza juu ya uhaba walibuni matumizi mapya zaidi ya plastiki yenye vifuko vya hewa kuliko walioelekezwa kuwaza juu ya wingi. Wapenda kusifu umaskini hulishika hilo kwa mikono miwili. Ila walioshiriki pale walikuwa wanafikiria uhaba tu. Mwaka 2013 kundi jingine la watafiti, akiwamo Sendhil Mullainathan, liliwapima wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno pesa zikiwa zimewaishia, na baada ya mavuno. Watu walewale, vipimo vilevile: kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Hofu ya kesho ilikuwa imekalia nafasi ya kufikiri.

Uhaba wa vipande, kwa hiyo, ni jambo moja, na uhaba wa utulivu ni jambo jingine, na Dadaab inayo yote mawili. Mgeni anayepiga picha ya buul nzuri akaandika chini yake kwamba dhiki huzaa ubunifu amechanganya habari mbili. Gunia moja na dirac moja humlazimisha mshonaji awaze. Foleni ya maji na mgao wa chakula uliopunguzwa humnyang'anya saa za kuwaza. Ningependa kuona ambacho mikono hiyo ingefanya ikiwa na vipande vilevile vibovu na bomba karibu na mlango.