Tulipu za Maua Mengi: Mnunuzi Apime Kitunguu Kabla ya Kulipa

KILA mwaka ifikapo Agosti na Septemba, maduka ya bustani katika nchi za Ulaya ya Kaskazini huanza kupokea vitunguu vya tulipu vya kupandwa kabla ya majira ya baridi. Miongoni mwake zimo aina ambazo shina moja hugawanyika na kutoa maua matatu hadi matano badala ya moja. Mara nyingi aina hizo huuzwa kwa bei ya juu kuliko tulipu za kawaida, na mnunuzi asiyejua anacholipia huweza kupata hasara.

Bidhaa yenyewe ni kitunguu cha kupandia, wala si cha kula. Uholanzi ndiyo inayoongoza duniani kwa kuvizalisha. Wakulima huko huving'oa mnamo Juni na Julai, huvikausha, kisha huvichambua kwa ukubwa. Kipimo ni mzingo, yaani sentimita za kuzunguka tumbo la kitunguu. Alama ya 12/+ maana yake ni mzingo wa sentimita 12 au zaidi, na 10/11 ni kati ya sentimita 10 na 11.

Kipimo hicho ndicho kiini cha biashara hii. Tumba la ua la tulipu hujijenga ndani ya kitunguu kikiwa bado ghalani wakati wa kiangazi, miezi kadhaa kabla ya kuchanua. Kitunguu kikubwa kina akiba ya chakula ya kutosha kulisha tumba kuu pamoja na matumba ya pembeni. Kilicho kidogo, hata kama ni cha aina ya maua mengi, huweza kutoa ua moja tu, au majani matupu. Mbolea na maji baada ya kupanda haviwezi kuongeza idadi ya maua ya msimu huo.

Ukubwa haukuanza kuthaminiwa leo. Katika ulanguzi maarufu wa tulipu uliovunjika huko Uholanzi mnamo Februari 1637, vitunguu vingi viliuzwa kwa uzito.

Hesabu ya mnunuzi

Kwa mfano, kitunguu cha kawaida kikiuzwa senti 30 za Euro na cha maua mengi senti 60, cha pili kinaonekana ghali. Kikitoa maua manne, kila ua limegharimu senti 15, yaani nusu ya bei. Lakini kikiwa kidogo na kutoa ua moja, mnunuzi amelipa mara mbili kwa kitu kile kile. Ikumbukwe pia kuwa maua ya pembeni huwa madogo kuliko lile la katikati. Anayetaka ua moja kubwa la kukata na kuweka mezani anunue tulipu za kawaida.

Aina zinazofahamika

Georgette hufikia sentimita 45 hadi 50, ina rangi ya manjano yenye ukingo mwekundu, na huchanua mwishoni mwa msimu. Toronto ni fupi, kiasi cha sentimita 30, yenye rangi ya waridi iliyoiva na majani yenye madoa; inafaa sana kwa vyungu. Fusilier, nyekundu iliyokolea, nayo ni fupi na huchanua mapema. Ndogo kuliko zote hizo ni turkestanica, tulipu ya mwituni kutoka Asia ya Kati, yenye maua madogo meupe ambayo huweza kufikia kumi na zaidi katika shina moja.

Kupanda

Bustanini, vitunguu hupandwa Oktoba hadi Novemba. Wengi hupendelea Novemba, kwani udongo uliopoa hupunguza ugonjwa wa ukungu unaounguza majani. Shimo liwe na kina mara tatu ya urefu wa kitunguu, kiasi cha sentimita 15, na ncha ielekee juu. Nafasi kati ya kimoja na kingine iwe sentimita 10 hadi 15. Mahali pawe na jua na pasituame maji. Anayeshika vitunguu vingi avae glavu, maana utomvu wake huwasha ngozi.

Kwa vyungu, jambo la kwanza ni matundu ya kutolea maji. Mboji ichanganywe na changarawe. Vitunguu huweza kukaribiana kuliko bustanini ila visigusane. Chungu kikiwa chembamba, baridi kali huweza kugandisha udongo wote, hivyo kisogezwe ukutani na kufunikwa. Wavu wa waya juu yake huzuia panya na kindi. Udongo wa chungu hukauka haraka majani yakishachipua, hivyo umwagiliaji usisahaulike.

Maua yakinyauka yakatwe, lakini majani yaachwe hadi yageuke manjano, kwa kawaida wiki sita hivi. Hata hivyo, kitunguu mama hufa kila mwaka na kuacha watoto wadogo. Ndiyo maana msimu wa pili maua hupungua, hasa katika vyungu. Wafanyabiashara wa hoteli na bustani za umma wanashauriwa kuhesabu gharama ya vitunguu vipya kila mwaka. Anayetaka vinavyorudi vyenyewe achague Fusilier au turkestanica.

Kwa Afrika Mashariki

Tulipu huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi isiyozidi nyuzi 9 za Sentigredi. Pasipo baridi hiyo shina hubaki fupi na ua hufia ndani. Hata Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, haina baridi ya namna hiyo mfululizo. Anayetaka kujaribu atalazimika kuweka vitunguu katika jokofu, mbali na matunda yanayoiva kama tofaa, kwani gesi yake huua tumba. Kuviingiza nchini kunahitaji kibali pamoja na cheti cha afya ya mimea. Kwa Kenya, anayehusika ni KEPHIS.

Mwishoni mwa Novemba maduka mengi ya Ulaya huteremsha bei ili kumaliza akiba. Kitunguu kigumu, kizito na kisicho na ukungu bado kinafaa kupandwa hata Desemba. Mnunuzi asome alama ya ukubwa kwanza na kukibonyeza kwa kidole. Kilicho laini kiachwe, hata kama kinauzwa kwa bei ya kutupa.