Foto ya nyota zisizoisha: ndani ya chumba kuna nini?

Kama uko na ndugu Marekani ao Ulaya, pengine ulishaona ile foto kwenye WhatsApp: mtu amesimama katikati ya taa mingi kama nyota, na taa hazina mwisho. Wengine wanasema ni kompyuta imetengeneza. Hapana. Ni chumba cha kweli, na si kikubwa hata kidogo.

Siri ni vioo. Kuta zote ni kioo. Kioo kimoja kinaonyesha kile cha mbele yake, kile nacho kinamurudishia, hivyo hivyo mpaka jicho linachoka kufuata.

Aliyevibuni ni Yayoi Kusama, mama wa Japani aliyezaliwa 1929. Cha kwanza alikionyesha New York mwaka 1965. Tangu utoto alikuwa anaona madoa yakijaza kila fasi, mpaka yeye mwenyewe kama anafutika ndani yake. Mwaka 1977 alichagua kwa hiari yake kuishi katika hospitali ya magonjwa ya akili Tokyo, na kazi akaendelea nayo.

Basi chumba kilifanywa ili mtu ajisahau. Sisi tunaingia na telefone ili tujionyeshe! Mwaka 2017, kwenye makumbusho ya Hirshhorn, Washington, watu walipanga mistari mirefu sana, na kila chumba ulipewa karibu segonde 20 ao 30 tu. Mlango unafungwa, mlinzi anahesabu, unafunguliwa. Ukizimaliza zote kwa kutafuta upande unaokupendeza, unatoka umeangalia telefone tu. Tena kuna hatari: siku za kwanza za maonyesho yale, mgeni mmoja aliharibu boga moja la kazi ya sanaa, na chumba kikafungwa kwa muda. Magazeti yaliandika alikuwa anajipiga foto.

Kwa hiyo ukienda, uliza kwanza mlangoni kama foto inaruhusiwa, juu si vyumba vyote. Zima flashi: kwenye vioo inarudi yote machoni. Ndani, angalia kwanza bila telefone, kisha piga moja.

Ukiwa na watoto, uliza kama kuna kile chumba cheupe, chenye meza na viti vyeupe. Pale kila mgeni anapewa madoa ya rangi ayabandike popote anapotaka, mpaka weupe unapotea.