Dhahabu ya Babu: Safari ya Chimala Mpaka Chunya



Hapa kwetu Chimala, kila mwaka mpunga ukishavunwa, huzuka habari ileile: fulani amekwenda Chunya. Mtoto wa jirani amekwenda, mpwa wa mwalimu amekwenda, hata kijana aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa amekwenda. Wote wamefuata dhahabu. Baadhi yao hurudi na pikipiki. Baadhi hurudi na kikohozi. Na wako ambao simu zao hazipatikani mpaka leo, na mama zao hufika ofisini kwangu kuuliza kama kuna aliyesikia lolote.

Mwaka huu zamu ilifika nyumbani kwetu. Jioni moja mdogo wangu alikuja, akaketi, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, “Kaka, nataka kuuza majaruba. Nimepata mwenzangu mwenye shimo Chunya. Nikitia fedha, tutagawana mawe.”

Majaruba hayo ni ekari mbili za mpunga. Aliachiwa na baba, na baba aliachiwa na babu. Sikumkatalia, wala sikumkubalia. Nilimwambia, “Kabla hujauza, twende tukaone kwa macho.” Basi tukafunga safari, nami nawaandikieni tuliyoyaona, maana najua si nyumba yetu peke yake yenye mazungumzo haya.

NJIA ALIYOPITA BABU

Tulipanda basi alfajiri. Kutoka Chimala mpaka Mbeya ni karibu kilometa 80 kwa barabara kuu ya lami. Unapita Igurusi, unapanda Inyala, unafika Uyole, na mara umeingia mjini. Reli ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976, hupita hapahapa Chimala. Sisi tuna reli, tuna lami. Babu yetu hakuwa na kimojawapo. Miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Pili alikwenda Lupa kwa miguu, na alizoea kutusimulia kwamba njia ilimchukua siku sita, akiwa na unga mfukoni na blanketi begani.

Msomaji, je, wajua kwamba mji wenyewe wa Mbeya ni mtoto wa dhahabu? Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, katika mchanga wa vijito vinavyoelekea Ziwa Rukwa. Watafutaji walipozidi kumiminika, palihitajika mahali pa maduka, ofisi na posta. Ndipo mwaka 1927 mji wa Mbeya ukaanzishwa chini ya milima. Mwaka 1932 hata ndege za safari ya London mpaka Cape Town zilikuwa zikitua Mbeya.

Kilichozidisha mbio hizo kilitokea mbali sana na kwetu. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kufungamanisha fedha yake na dhahabu. Mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja, yaani kama gramu 31, kutoka dola 20 na senti 67 hadi dola 35. Nchi nyingi zilikuwa katika dhiki, kazi hazikuwapo, na bei ya mazao ilikuwa imeanguka. Lakini dhahabu ilipanda. Kwa hiyo mamia ya Wazungu walikuja Lupa kutafuta bahati, na Waafrika kwa maelfu wakaja kufanya kazi ya sururu na koleo: Wanyakyusa, Wasafwa, Wakinga, Wasangu, na wengine kutoka mbali zaidi. Leseni zilikuwa mikononi mwa wageni hasa. Watu wetu walikuwa vibarua.

JUU YA MLIMA

Mjini Mbeya tulibadili gari. Barabara ya Chunya ni ya urefu wa kilometa 72 hivi, nayo siku hizi ni lami. Mara tu ukiuacha mji, gari hupanda safu ya milima ya Mbeya, ambayo kilele chake kimezidi mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Chukua sweta, hata kama umetoka Chimala ukitokwa na jasho. Upande huu unaona misitu ya Kawetere na mashamba ya viazi; ukungu hupita katikati ya miti kama moshi wa jikoni.

Huko juu pana mahali ambapo wageni wa zamani walipaita Mwisho wa Dunia. Tulimwomba dereva asimame kidogo. Ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, na chini kabisa limelala bonde la Usangu, jeupe kwa vumbi la kiangazi. Mdogo wangu alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Kumbe kwetu ni kule.” Mimi nilimwambia kwamba huenda babu naye alisimama juu ya milima hii, akageuka mara moja, kisha akaendelea.

Kutoka hapo barabara inashuka. Unapita Lwanjilo na Chalangwa, baridi inakwisha, migomba na viazi vinapotea, na msitu wa miombo unaanza. Udongo unakuwa mwekundu. Hapo umeingia nchi ya dhahabu.

KWA MIGUU KATIKA MASHIMO YA ZAMANI

Chunya ni mji wa joto, wenye pilikapilika. Tulilala kwa ndugu wa jirani yetu, na asubuhi tukampata mzee mmoja aliyekubali kututembeza. Tulimwamkia, “Shikamoo mzee.” Akaitikia, “Marahaba, wanangu. Mmekuja kuchimba au kutazama?” Tukamjibu kwamba tumekuja kutazama kwanza. Akacheka, akasema, “Wachache hutazama kwanza.”

Tulitembea saa tatu kufuata kijito kikavu. Mzee alituonyesha jinsi dhahabu inavyokaa. Asili yake ni ndani ya mishipa ya mawe meupe iliyo katika mwamba. Kwa miaka mingi isiyohesabika, mvua na jua hupasua mwamba, na maji huchukua chembe mpaka kijitoni. Dhahabu ni nzito, uzito wake ni karibu mara 19 ya maji, kwa hiyo haifiki mbali. Huzama chini ya kokoto, na hujificha mahali kijito kinapopinda. Wachimbaji wa kwanza walifukua kokoto hizo na kuziosha katika karai. Palipokosa maji, walitumia mashine ya kupepeta kwa upepo, kama vile mama apepetavyo mpunga katika ungo: vumbi hupeperuka, kizito hubaki.

Dhahabu ya kijitoni ilipopungua, walifuata mishipa chini ya ardhi. Hapo palihitajika baruti, mitambo na fedha nyingi. Mgodi mkubwa wa Saza, upande wa magharibi, ulifanya kazi tangu mwaka 1939 mpaka 1956, kisha ukafungwa. Tulipotembea tuliona alama za kazi ya namna hiyo: vifusi vya mawe vilivyoota nyasi, msingi wa nyumba bila nyumba, mahandaki marefu, na mashimo yaliyozibwa na vichaka. Mzee alitushika mkono mara mbili tusitumbukie. Nawe msomaji, ukienda huko usitembee bila mwenyeji, usiwaachie watoto wakimbie mbele, wala usiingie eneo lenye leseni ya mtu pasipo ruhusa yake.

Tuliketi juu ya msingi mmoja tukala viazi. Mzee akasema, “Baba yangu alifanya kazi hapa. Mgodi ulipofungwa, mabwana waliondoka, na wenye maduka wakaondoka. Waliobaki ni wale waliokuwa na shamba.”

Neno hilo halikunitoka masikioni. Maana tukumbuke: watu wote wale wa Lupa walipaswa kula. Nchi ya Chunya haikuweza kuwalisha, basi wakulima wa Unyakyusa walipanua kilimo cha mpunga, wakapeleka mchele Lupa. Mwenye sururu alibahatisha kila siku. Mwenye mchele aliuza kila siku.

KAZI YA LEO

Msidhani kwamba haya yote ni habari za kale. Bei ya dhahabu imepanda sana katika miaka hii, na watu wamerudi. Mgodi mkubwa wa New Luika, ambao sasa uko Wilaya ya Songwe, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2012. Na wachimbaji wadogo wamejaa Makongolosi, Itumbi na mahali pengine pengi.

Nitaanza na yaliyo mema. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliweka leseni ndogo za uchimbaji kwa ajili ya raia wa Tanzania, jambo ambalo babu zetu hawakulipata. Tangu mwaka 2019 Chunya ina soko la madini, ambapo dhahabu hupimwa na kuuzwa hadharani, si gizani kwa mtu mwenye mizani ya kwake. Yupo aliyejenga nyumba nzuri kwa kazi hii, tena kwa haki.

Sasa yaliyo mazito. Tulifika mahali mawe yanaposagwa. Vumbi lilikuwa kama unga, na vijana walifanya kazi bila kitambaa usoni. Vumbi la mawe meupe hukwaruza mapafu pole pole, na mapafu yaliyoharibika hivyo hushikwa upesi na kifua kikuu. Hicho ndicho kikohozi kinachorudi Chimala.

Kisha tuliona zebaki. Mawe yaliyosagwa huchanganywa na maji na zebaki, nayo hushika chembe za dhahabu zikawa donge moja. Donge huchomwa moto, zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Lakini zebaki iliyopaa haikupotea. Ni mvuke usioonekana wala kunuka, na mtu huuvuta. Huharibu neva na figo, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Tulimwona mtu akichoma donge lake katika kikaango, na mtoto mdogo amechuchumaa kando yake akiota moto. Kijana wangu, ukienda huko, usichome zebaki ndani ya nyumba wala karibu na chakula. Kiko chombo chenye kifuniko na bomba kinachonasa mvuke huo, na huko Itumbi kimejengwa kituo cha mfano cha kufundishia uchenjuaji bora. Uliza, usione haya.

DAFTARI

Jioni ya mwisho tulimtembelea yule mwenye shimo. Alitupokea vizuri, tukala pamoja. Mimi ni karani, na karani hana silaha ila daftari. Nikamwuliza maneno manne tu. Leseni ni ya nani? Mbao za kuzuia shimo lisiporomoke zitanunuliwa na nani? Mawe yakipatikana, mwenye leseni anachukua viroba vingapi, mwenye mashine vingapi, na mdogo wangu vingapi? Na mawe yasipopatikana, fedha yake itarudije?

La kwanza alijibu nusu. La pili alisema tutaona. La tatu alieleza, na tulipokwisha kutoa mafungu ya wengine, fungu la mdogo wangu lilikuwa kiroba kimoja kati ya vinane. La nne alicheka, akasema, “Dhahabu ni bahati, karani.” Hakuwa mwongo. Lakini wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Usiku ule mdogo wangu hakulala upesi. Nikamweleza jambo ambalo yeye, akiwa mdogo, hakulisikia kwa babu. Babu alifanya kibarua Lupa kwa misimu miwili ya kiangazi. Hakurudi na dhahabu hata chembe. Alirudi na majembe matatu na fedha ya kununua ng'ombe wawili wa kulimia. Kwa ng'ombe hao alifungua pori la Usangu, akachimba mfereji, akapanda mpunga. Ndiyo majaruba hayo. Nikamwambia, “Dhahabu ya babu ndiyo hiyo unayotaka kuiuza ili ukatafute dhahabu.”

Hakujibu. Asubuhi tulipanda gari, na tulipofika tena pale juu ya mlima, yeye ndiye aliyemwomba dereva asimame.

Majaruba hayakuuzwa. Wiki tatu baadaye mdogo wangu alirudi Chunya, lakini alipanda lori pamoja na magunia sita ya mchele wa Chimala. Aliuza yote, akarudi nyumbani na fedha yake, tena ameiandika katika daftari. Huenda mwakani atashika sururu pia. Ni mtu mzima, nami simzuii. Lakini ameniahidi mambo matatu: atakwenda kwa fedha ya mavuno, si ya shamba, hataingia shimo lisilo na mbao, na atakubaliana mafungu kwa maandishi mbele ya mashahidi.

Ndugu msomaji, ikiwa kwako pia yuko kijana anayetazama upande wa Chunya, usimtukane, wala usimkimbilie kwa machozi. Panda naye gari, mpite pale juu ya mlima, mwonyeshe kwao palivyo, kisha fungueni daftari pamoja.