Siku arobaini za mzazi wa Garissa

Kila takwimu za uzazi zinapotolewa Nairobi, kaunti tatu za kaskazini mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, hutajwa mkiani, na maelezo yanayofuata huwa mafupi: akina mama wa huko bado hawajaelimika kuhusu hospitali. Maelezo hayo hayatoshi, tena naona yamechelewesha kazi kwa miaka mingi. Mwanamke wa Fafi au Balambala, huko Garissa, anayejifungulia nyumbani mara nyingi amepiga hesabu. Amepima umbali na nauli, nani atakayemshika uchungu ukipanda, nani atakayeuona mwili wake, na nani atakayempikia akishajifungua. Hesabu yake ina pengo mahali pamoja tu, lakini pengo hilo ndilo linaloua, nalo ni damu.

Mtoto akishatoka, kondo la nyuma hubanduka na kuacha kidonda kipana ndani ya mji wa mimba. Mimba inapokomaa, damu inayopita hapo kila dakika hufika nusu lita na zaidi. Kinachoizuia isimwagike ni misuli ya mji wa mimba wenyewe, ambayo hujikaza na kuibana mishipa. Misuli ikilegea, mama anaweza kupoteza uhai katika muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Na misuli hulegea zaidi kwa aliyeumwa uchungu muda mrefu, aliyebeba mapacha, au aliyezaa mara nyingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kwa wastani mwanamke wa Mandera huzaa watoto 7.7 na wa Garissa 5.3, wakati wastani wa Kenya nzima ni 3.4. Ongeza ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliyoshindwa mfululizo, mifugo ikafa na maziwa yakapungua nyumbani. Mama aliyeingia leba akiwa hana damu ya kutosha huuawa na upotevu ambao mwenzake mwenye afya angeustahimili.

Mkunga wa jadi, ambaye Wasomali humwita umuliso, anajua mengi. Anamjua mama tangu utotoni, anamwacha apige magoti au achuchumae apendavyo, haondoki kwenda kubadilishana zamu. Lakini hana sindano ya kuukaza mji wa mimba wala damu ya kuongeza.

Sindano hiyo nayo ina masharti yake. Dawa inayotumika zaidi, oksitosini, huja katika kichupa kidogo cha kioo na inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Garissa joto la mchana hupita nyuzi 35 kwa miezi mingi. Friji ya zahanati ikizimika kwa siku kadhaa, dawa hudhoofika huku ikibaki vilevile kwa macho, nyeupe kama maji, na muuguzi anaichoma akiamini amemkinga mama. Ndiyo sababu ilikuwa habari kubwa kwa maeneo kama haya Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2018 dawa ya kabetosini isiyoharibiwa na joto. Habari nyingine ilikuja mwaka 2023, kutokana na jaribio lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Chini ya mama aliyejifungua huwekwa karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu hutiririkia mfukoni, muuguzi anausoma mstari badala ya kukisia kwa macho, na ikifika kipimo cha hatari anatoa kwa pamoja yote yanayohitajika: kulikanda tumbo, sindano, dawa ya kugandisha damu, dripu, na uchunguzi wa mahali inapotoka. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Hakuna mtambo wa mamilioni hapo. Kuna plastiki, dawa zinazojulikana, na watu waliofundishwa kutosubiri.

Kwa hiyo saa za kujifungua na siku ya kwanza baada yake zinastahili kuwa mahali penye vitu hivyo. Kwa hili sina shaka, na mabadiliko yameonekana. Mwaka 2008 na 2009, katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, asilimia 17 tu ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia 2022, hata Mandera, zaidi kidogo ya nusu ya wazazi walihudumiwa na mtaalamu. Wengi wamekuja. Inafaa tuwasikilize ambao hawajaja.

Umbali hauhitaji maneno mengi. Kaunti ya Garissa ina zaidi ya kilomita za mraba 44,000. Anayeumwa usiku upande wa Hulugho, ambulensi ikiwa iko mbali au haina mafuta, anategemea gari la jirani na barabara ya mchanga. Mvua za Novemba 2023 zilipoufurisha Mto Tana, barabara kati ya Garissa na Madogo ilikatika na watu wakavuka kwa mashua. Fedha nazo zimebadilika sura. Tangu Juni 2013 kujifungua katika hospitali za umma kulitangazwa kuwa bure, mpango ambao baadaye uliitwa Linda Mama. Tangu Oktoba 2024 mambo yamehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), ambako mama anapaswa kuwa amesajiliwa na kulipiwa mchango, na kwa familia isiyo na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ambacho kwa kawaida hudaiwa cha mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Mfugaji aliyepoteza mbuzi wake anaiona fedha hiyo kuwa mlima, na asiyejua kwamba usajili unatakiwa kabla ya uchungu huja kujua akiwa mapokezi.

Halafu kuna nani yumo ndani ya chumba cha leba. Wanawake wengi wanataka kuhudumiwa na mwanamke, wanataka kufunikwa, wanataka anayeelewa wanaposema kwa Kisomali kwamba wanaona giza. Baada ya mauaji ya abiria wa basi karibu na Mandera, Novemba 2014, na ya watu 148, wengi wao wanafunzi, katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, walimu na wauguzi wengi kutoka kaunti nyingine waliondoka. Pengo lile halijazibwa kwa kuwabembeleza warudi tu. Linazibwa polepole na wasichana wa hapahapa wanaosomea uuguzi na ukunga, wakiwemo wanaopitia tawi la Garissa la chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC. Kama ningepewa nafasi ya kupanga bajeti ya kaunti, fedha za kuwasomesha wakunga wanawake kutoka Ijara, Lagdera na Fafi ningeziweka juu ya majengo mapya.

Hofu ya upasuaji nayo hutajwa kana kwamba ni ushirikina. Haikosi msingi. Mama aliyepasuliwa ana kovu kwenye mji wa mimba, na katika uchungu unaofuata kovu linaweza kuachia. Akiwa mjini, karibu na chumba cha upasuaji, hatari hiyo hudhibitiwa. Akiwa amehamia malishoni pamoja na ngamia, anapata taabu isiyo na msaada. Basi anapokataa leo anaifikiria mimba ya kesho kutwa. Jibu la kweli kwake ni kuambiwa wazi: kwa nini upasuaji unahitajika sasa, apumzike muda gani kabla ya mimba nyingine, na mwezi wa mwisho wa mimba hiyo akae wapi. Maelezo hayo yakitolewa wakati wa kliniki, mume na wazee wakiwepo kama mama mwenyewe anapenda, hayatafutwi tena saa nane za usiku huku mapigo ya moyo wa mtoto yakipungua. Na idhini ni yake. Mwanamke mzima mwenye akili timamu hahitaji sahihi ya shemeji ili aokolewe, na wauguzi wanapaswa kulisema hilo bila kuwavunjia heshima jamaa waliomleta.

Lipo jambo zito zaidi ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Katika utafiti wa 2022, wanawake waliokeketwa walikuwa takriban asilimia 97 Wajir na 83 Garissa, na aina ya kushonwa ndiyo iliyozoeleka kwa vizazi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006, uliowafuata zaidi ya wanawake 28,000 katika nchi sita, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa waliokatwa na kushonwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupasuliwa na kutokwa na damu nyingi, na watoto wao walikuwa katika hatari zaidi ya kufa. Mkunga aliyefundishwa hufungua kovu kwa uangalifu kabla halijachanika lenyewe. Swali linalobaki ni baada ya hapo, kwa sababu huwa kuna jamaa wanaotaka mama ashonwe tena kama alivyokuwa. Kuzitia nyuzi kingo zilizokatwa ili zisitoe damu ni tiba. Kuuziba mlango upya ni kumrudisha kwenye jeraha lilelile, mkojo wa shida, hedhi ya maumivu, na leba ijayo ya hatari. Shirika la Afya Duniani linapinga jambo hilo, na sheria ya Kenya ya 2011 haimpi mhudumu wa afya ruhusa ya kukeketa. Mama anayesema hapana siku hiyo anahitaji muuguzi asimame naye.

Sasa tufike nyumbani, kwenye arobaini, ambayo Wasomali huiita afartan. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Haendi kisimani, hachanji kuni, hapiki. Mama yake, mama mkwe au dada zake huchukua kazi. Analetewa uji, supu ya mbuzi, nyama, samli, maziwa ya ngamia. Anakandwa kwa maji ya moto, chetezo cha ubani kinazungushwa chumbani, na mtoto hakai mbali na titi. Wanawake walioko Nairobi au Minneapolis, waliojifungua na kurudi kazini mapema, huyakumbuka malezi haya kwa uchungu, kwa sababu ni pumziko ambalo mahali pengi duniani haliuzwi kwa bei yoyote.

Madaktari wanapohesabu vifo vya uzazi, huhesabu hadi siku ya 42 baada ya mimba kumalizika. Kalenda ya nyanya na kalenda ya hospitali zinakaribia kulingana. Kwa siku hizo zote mzazi yuko nyumba moja inayojulikana, akizungukwa na wanawake wanaomtazama mchana na usiku. Idara ya afya inatamani hali hiyo kwa kila mama, lakini humtaka mzazi atoke, asafiri, aje kupimwa, na asipokuja huandikwa kuwa ametoroka kliniki. Hajatoroka. Yuko kwenye arobaini, na anayepaswa kutembea ni mwenye mashine ya kupima presha.

Mtu huyo yupo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba yenye vifaa, mashine ya presha na kipimajoto vikiwemo. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mhudumu mwanamke, anayekaribishwa kwa salamu na kuketi mkekani, anaweza kufika siku ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita. Atapima presha, maana kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kujifungua, kikitanguliwa na kichwa kikali na macho kuona ukungu. Atauliza bila haya kuhusu nifasi, damu ya baada ya kuzaa: pedi au kitambaa kikilowa chote ndani ya saa moja, hiyo si nifasi ya kawaida tena. Atanusa kama kuna harufu mbaya, atagusa paji la uso. Ataona pia mama anayelia kila siku na hataki kumshika mtoto, jambo ambalo majirani huweza kuliita jini na likakosa tiba.

Umuliso ndiye anayefaa kuwa mkono wa kulia wa mhudumu huyu. Yeye atasikilizwa akisema mkaa uwashwe nje, usifukizwe katika chumba kilichofungwa alimo mtoto mchanga, maana moshi na hewa ya mkaa huua. Atasikilizwa akisema maziwa ya kwanza ya njano yasimwagwe, mtoto asipewe maji ya sukari wala maziwa ya ngamia, na kitovu kisipakwe chochote ambacho hakikutoka kituoni. Wakunga wa jadi wamekatazwa kuzalisha, na nakubaliana na katazo hilo, lakini kuwaondoa kabisa kulikuwa kupoteza mlango uliokuwa wazi.

Arobaini huisha kwa sherehe. Mama hutoka, amepambwa, na mtoto hupelekwa kuonekana kwa ndugu. Wiki hiyohiyo, ratiba ya Kenya inamdai mtoto chanjo za wiki sita, na mama anadaiwa uchunguzi wake. Safari moja inamaliza yote, mradi kituo kijipange kuwapokea wawili pamoja, na muuguzi awe na muda wa kuzungumza kuhusu kupumzika kati ya mimba. Njia za kisasa za kupanga uzazi zilitumiwa na asilimia 2 tu ya wanawake walioolewa Mandera na 11 Garissa mwaka 2022, na anayeanza mazungumzo hayo kwa kuhesabu watoto hufungiwa mlango. Masheikh wengi wataanza mahali pengine, kwenye aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara, inayozungumzia kunyonyesha miaka miwili kamili. Wataalamu wa uzazi nao hushauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mume akiwepo siku hiyo, na mara nyingi ndiye aliyemleta mkewe kwa gari, aketi ndani asikie mwenyewe.